PlayStation ya Nintendo: kweli inaishia wapi, kubuni kunaanzia wapi

Jumamosi jioni nilipita kwenye banda la gemu la jirani yangu, Mabatini hapa Mwanza, kumfuata mpwa wangu arudi nyumbani kabla giza halijaingia. Nikakuta pedi za kuchezea zimelala juu ya benchi, hakuna anayecheza. Vijana sita wameinamia simu moja. Kwenye kioo kuna picha ya mashine ya kijivu kama imeota manjano kwa uzee: juu ina mdomo wa kaseti za Super Nintendo, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani, mbele ina trei ya CD, na imeandikwa Sony, kampuni yenye PlayStation. Sauti inasimulia kwamba mashine hiyo iliingia sokoni mwaka 1992, ikauzwa kwa mamilioni, Sega, mpinzani wa Nintendo, ikafa mapema, Microsoft haikuthubutu kutengeneza mashine yake ya gemu, Xbox, na Sony wakabaki na redio na televisheni zao.

"Shikamoo anko. Kumbe pleistesheni ni ya Nintendo?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Si hii hapa, anko, unaiona mwenyewe."

Mwenye banda alikuwa akibisha kwamba picha yenyewe ni ya uongo, imechorwa na kompyuta kama zilivyo nyingi siku hizi. Kijana mmoja mrefu, fundi simu wa pale jirani, alishikilia kwamba yote ni kweli, na kwamba Wajapani wanaficha. Walikuwa wamefika pabaya, sauti zimepanda.

Wote wawili walikuwa na nusu ya jambo. Mashine ile ni ya kweli. Ilitengenezwa, ikashikwa kwa mikono, na moja iliyobaki iliuzwa mnadani Marekani Machi 2020 kwa dola 360,000. Ila haikuwahi kuingia dukani, mwaka 1992 wala mwaka mwingine wowote. Kila kilichosimuliwa baada ya hapo ni historia mbadala, na msimulizi hakuona haja ya kusema hivyo. Niliwaahidi wale vijana kwamba nitaliandika jambo hili likae mahali pamoja, kwa sababu kisa cha kweli kina utamu kuliko kile cha video, na bila kukijua hicho, kile cha kubuni hakina maana yoyote.

Tunafanya hivi kila siku

Historia mbadala ni masimulizi yanayochukua jambo moja lililotokea, yakaligeuza, kisha yakafuata mkondo mpya kuona unamwaga wapi. Huwezi kuiita historia, maana halikutokea. Huwezi kuiita uongo pia, mradi msimulizi atamke kwamba hapa naanza kubuni.

Sisi wa kandokando ya ziwa tunaifanya bila kuipa jina. Kaa na wazee Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, asubuhi, haikosi mmoja atauliza: hivi sangara asingeletwa, leo tungekuwa wapi? Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, enzi za Waingereza, upande wa Uganda. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima, amewala furu, samaki wadogo wenyeji, mpaka aina nyingi zikatoweka. Vikaja viwanda vya minofu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwetu.

Ukitaka kumjibu mzee yule vizuri, haitoshi kusema "tungekuwa tunakula furu". Inabidi umtoe sangara peke yake, mengine yote uyaache yalivyokuwa. Na hapo ndipo watu hukosea. Wengi hudhani wanarudi kwenye ziwa la asili lenye sato na dagaa, kumbe sato naye ni mgeni, aliletwa miaka hiyohiyo. Mwenyeji ni ngege. Ukimtoa sangara, sato bado yupo. Njaa ya wazungu ya minofu nayo bado ipo. Na watu ni walewale, wenye tamaa ileile na hofu ileile.

Nitaifanyia PlayStation kazi ya namna hiyo. Kwanza tulijue ziwa lenyewe, kisha ndiyo tumtoe samaki mmoja.

Faida haikai kwenye mashine

Konsoli ni kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja, kucheza gemu kwenye televisheni. Gemu yenyewe huletwa kwa kaseti au kwa CD. Kaseti ni boksi la plastiki lenye chipu ndani. Ukiichomeka, mashine inasoma papo hapo, kama ugali uliokwisha pakuliwa mezani. CD ni sahani inayozungushwa na kusomwa kwa mwanga. Inabeba mzigo mkubwa mno, lakini mashine lazima itume mtu jikoni kila mara. Ndiyo maana mwenye PlayStation ya kwanza anajua habari ya kusubiri.

Ukubwa wa mzigo ndio uliowatoa watu udenda. Kaseti kubwa kabisa za Super Nintendo zilibeba megabaiti 6. CD moja ilibeba kama 650. Chukua debe moja la dagaa uliweke hapa, kisha uweke madebe mia na ushei upande wa pili. Na hayo madebe mia, kuyatengeneza kiwandani kulikuwa rahisi kuliko hilo moja, kwa sababu sahani ya plastiki ni bei ndogo na chipu ni bei kubwa.

Sasa kitu ambacho kile kipande cha video hakikukigusa kabisa, na ndicho kiini. Watu hudhani kampuni ya konsoli inatajirika kwa kuuza mashine. Mara nyingi mashine huuzwa kwa faida kiduchu, au kwa hasara. Mfikirie tajiri wa mwaloni anayemkopesha mvuvi nyavu na injini. Nyavu si biashara yake. Biashara yake ni lile sharti: samaki utakaovua utaniuzia mimi. Nintendo ya miaka ya 1980 ilikuwa tajiri wa aina hiyo. Ilikuwa imetoa Famicom huko Japani Julai 1983, ikaipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Kule Marekani, kampuni iliyotaka kuuza gemu ya NES ilipaswa kupata leseni ya Nintendo, na kaseti zitengenezwe kupitia Nintendo, zilipiwe mapema. Gemu ikidoda, hasara ni ya aliyeitunga. Nintendo ilikuwa imeshapokea chake.

Shika hilo sharti la tajiri. Kila kitu kinachofuata kinaning'inia hapo.

Siku mbili za Chicago

Ndani ya Sony kulikuwa na mhandisi anaitwa Ken Kutaragi. Alimwona binti yake akicheza Famicom, akaudhika na sauti mbovu iliyokuwa ikitoka. Akaanza kuitengenezea Nintendo chipu ya sauti kimyakimya, huku wakubwa wake wengi wakiona gemu ni mambo ya watoto. Walipogundua walifura, ila rais wa Sony, Norio Ohga, alimkingia kifua. Chipu ile ndiyo iliyowekwa ndani ya Super Famicom, iliyotoka Novemba 1990, ile ambayo nje ya Japani iliitwa Super Nintendo. Kwa hiyo hata kabla ya ugomvi, ndani ya mashine ya Nintendo kulikuwa na kipande cha Sony kikiimba.

Mwaka 1988 kampuni hizo mbili zikawekeana saini. Sony itatengeneza kifaa cha CD cha kuungwa kwenye Super Nintendo. Tena itaruhusiwa kuuza mashine yake yenyewe inayokula kaseti za Nintendo na CD kwa pamoja. Jina lake likawa Play Station, maneno mawili, yameachana. Ndiyo ile ya kijivu kwenye simu ya wale vijana.

Ila mkataba ule uliipa Sony mamlaka juu ya gemu za CD. Turudi mwaloni. Umempa mtu kibali cha kufunga taa kwenye mtumbwi wako mvue dagaa usiku. Taa ni nzuri, kweli, dagaa watajaa. Siku moja unaisoma karatasi taratibu, unakuta kwamba kila dagaa atakayevuliwa kwa taa ile atauzwa na mwenye taa. Mtumbwi wako, injini yako, ziwa umelizoea wewe, na mzigo ni wake.

Hiroshi Yamauchi, rais wa Nintendo, hakuwa mtu wa kukaa na karatasi ya namna hiyo. Aliwatuma wasaidizi wake wa Marekani, Minoru Arakawa aliyekuwa mkwe wake na mwanasheria Howard Lincoln, wakaenda Uholanzi kuzungumza na kampuni ya Philips, bila Sony kuambiwa. Juni 1991, kwenye maonyesho ya vifaa vya umeme mjini Chicago, Sony ilisimama ikaitangaza Play Station kwa mbwembwe zote. Kesho yake Lincoln akapanda jukwaani akatangaza kwamba mshirika wa Nintendo katika mambo ya CD ni Philips.

Hebu jiweke mahali pa watu wa Sony asubuhi ile. Umetangaza ndoa jana mbele ya ukoo mzima, leo bibi harusi anatoka kanisani na mwanaume mwingine, na ukoo uleule bado umekaa.

Ndoa hiyo ya pili nayo haikuzaa. Kifaa cha CD cha Nintendo na Philips hakikutoka kamwe. Kilichobaki ni ruhusa ya Philips kuwatumia Mario na Zelda, wahusika wa gemu za Nintendo, kwenye mashine yao ya CD-i, na gemu zile hazikupendwa.

Huku nyuma Kutaragi alitaka Sony itengeneze mashine yake kutoka mwanzo, isiyomtegemea mtu, yenye nguvu ya kuchora vitu vya pande tatu. Ndani ya Sony wengi walitaka biashara ya gemu ifungwe. Mwaka 1992 Ohga, aibu ya Chicago ikiwa bado inamchoma, akaamua kazi iendelee, na Kutaragi akahamishiwa upande wa kampuni ya muziki ya Sony, mbali na waliokuwa wakimpinga. Tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ikaingia madukani Japani. Neno moja sasa, limeungana. Septemba 1995 ikafika Marekani kwa dola 299, pungufu ya Saturn ya Sega kwa dola mia nzima. Mpaka uzalishaji wake unakoma ilikuwa imepita milioni 100.

Wanayoyasema bandani

"Pleistesheni ni ya Nintendo." Hapana. Play Station ya 1991 ilikuwa Super Nintendo iliyoongezewa CD, na PlayStation ya 1994 ni mashine nyingine kabisa ndani, haili kaseti za Nintendo wala haijui lugha yake. Kilichorithiwa ni jina, mhandisi, na hasira.

"Nintendo walikuwa wajinga kumwacha Sony." Hili nalisikia hata kwa watu wazima, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linamhukumu mtu kwa matokeo ambayo yeye hakuyaona. Yamauchi hakuikataa CD kwa kutojua faida yake. Alikataa kukabidhi sharti la tajiri. Angelikubali, angebaki kuwa fundi wa mitumbwi. Unaweza kumlaumu kwa namna alivyolifanya, kumwacha mwenzake atangaze kwanza ndipo amuumbue, na mimi namlaumu kwa hilo. Kuvunja mkataba ule, kwangu, kulikuwa na akili. Kosa kubwa la Nintendo lilikuja baadaye, mwaka 1996, walipotoa Nintendo 64 wakang'ang'ania kaseti wakati wenzao wote wamehamia CD. Kampuni ya Square, iliyokuwa imewatungia gemu zake kubwa kwa miaka, ikahamia kwa Sony, na mwaka 1997 ikatoa Final Fantasy VII kwenye CD tatu.

"Picha ni ya kompyuta." Ya mashine ile, hapana, ipo. Maboksi ya rangi na matangazo ya magazeti yanayooneshwa kwenye video za namna hii, hayo ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa maana kitu ambacho hakikuuzwa hakikuwa na boksi la kuuzia.

Tumtoe samaki mmoja

Tuseme sasa Yamauchi anameza hasira. Lincoln hapandi jukwaani. Play Station ya Sony na Nintendo inatoka mwaka 1992. Mengine yote yabaki.

Video inasema inauzwa kwa mamilioni. Sijui kwa nini iuzwe hivyo, wakati ipo mashine ya kweli iliyofanya jambo lilelile. Sega ilitoa Mega-CD Desemba 1991, kifaa cha CD cha kuungwa kwenye konsoli yake ya Mega Drive. Mega Drive yenyewe ilikuwa imeingia nyumba za watu kama milioni 30. Mega-CD iliuzwa milioni mbili na kitu. Wateja kumi hawakutoa hata mmoja kamili. Sababu zake si za kufikirika: kifaa cha kuongezea ni ghali, na mtunzi wa gemu akiangalia kumi na kumwona mmoja tu mwenye CD, anawatungia wale tisa. Gemu zikiwa chache, yule mmoja naye anajuta. Play Station ya 1992 ingekutana na ukuta huohuo, kwa sababu kasi ya ndani ilikuwa bado ya Super Nintendo. Debe mia za dagaa na jiko moja la mkaa.

Na ndoa yenyewe? Sharti la tajiri bado limekaa katikati ya kitanda. Kila gemu ya CD inayouzika, mmoja anacheka na mwingine anahesabu alichokosa. Kwa maoni yangu wangeachana kabla ya mwaka 1995, mahakamani badala ya jukwaani. Ila kuna tofauti moja ambayo ni nzito. Kutaragi angekuwa ametumia miaka ile akiuguza mashine ya zamani, na Ohga asingekuwa na jeraha la kumfanya aidhinishe mradi ambao nusu ya kampuni iliukataa. Gemu za pande tatu zingekuja tu, maana Sega ilikwishaonesha njia kwenye mashine zake za kumbi za michezo, mwaka 1993 ikatoa Virtua Fighter. Zingekuja bila Sony kuwa tayari.

Kwa hiyo "Sega ikafa mapema" imekaa kinyume. Kilichoiua Saturn zaidi ya kingine ni PlayStation ya dola 299. Ukimwondoa muuaji, marehemu anaishi siku zaidi. Kuhusu Xbox, hapo video imegusa kitu: Microsoft iliingia kwenye konsoli mwaka 2001 ikihofia PlayStation 2 kuigeuza sebule kuwa mali ya Sony. Bila hofu ile, pengine wangechelewa. Kusema wasingekuja kabisa ni kusema mwenye kompyuta dunia nzima asingeitamani televisheni.

Na Mwanza je?

Hapa ndipo mpwa wangu aliponibana. "Sasa anko, sisi ingetuhusu nini?"

Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994, mwaka uleule PlayStation ilipotoka Japani. Zanzibar walitutangulia, tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo vita vyote vya kaseti na CD vilipiganwa wakati kwetu televisheni ni kitu cha kwenda kutazama kwa watu. Tulichoanza nacho sisi ni TV gemu, zile kopi za Famicom za bei rahisi, kaseti za njano zilizoandikwa kwamba zina gemu maelfu, ukihesabu unakuta ni zilezile zinajirudia. Nilicheza nayo Igoma kwa rafiki yangu, sarafu hakuna, malipo ni kumchotea maji.

Kisha zikaja pleistesheni, tukapanga foleni. Naikumbuka moja ya Kirumba kana kwamba iko mezani hapa. Ilikuwa imegeuzwa kifudifudi, miguu juu, maana jicho la kusomea lilikuwa limechoka kwa kazi ya kutwa na vumbi, na kwa kuilaza hivyo lilisoma. Mechi moja, shilingi mia. Gemu ni Winning Eleven, ya mpira wa miguu, ya Konami, ya Kijapani tupu. Hakuna kati yetu aliyejua herufi hata moja. Tulijua kwamba unashuka mara mbili, unabonyeza duara, unapanda mara moja, ndipo unapata timu. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa anapita kwenye ukurasa mzima wa Kijapani bila kukosea, na mgeni akikosea anaambiwa "rudi, hapo umefuta kila kitu".

Swali la maana ni kwa nini ilikuwa CD ya Kijapani, na kwa nini tuliipata. Kwa sababu ilikuwa kopi. CD halisi ya PlayStation ina alama karibu na kitovu chake ambayo mashine ya kawaida ya kunakili haiwezi kuiandika, na konsoli huitafuta alama hiyo kwanza kabla ya kukubali chochote. (Ule weusi wa chini tuliokuwa tukiuita dalili ya CD orijino ulikuwa rangi ya plastiki tu, haukuzuia chochote.) Fundi alikuwa anachomea chipu ndogo ndani, chipu inaipa konsoli jibu inalolitaka, na kuanzia hapo inakula kopi ya nchi yoyote. Nchi kama yetu, ambako CD halisi moja ilikuwa mshahara wa mtu, ilifunguka kwa chipu ile. Waliotunga gemu hawakupata senti kwetu, na hilo ni deni ambalo siwezi kulipamba. Lakini ndivyo ilivyotufikia.

Wala huhitaji historia mbadala kulipima hili, kwa sababu dunia ilitufanyia jaribio lenyewe. Nintendo 64 ilikuwapo miaka ileile. Ilikuwa na nguvu, ilikuwa na matundu manne ya pedi, kitu ambacho mwenye banda angekipenda kuliko vyote, watu wanne wanalipa kwa mpigo. Katika mabanda yote niliyoingia, Kirumba, Igoma, Mabatini, Nyegezi, sikuiona hata moja. Ilikula kaseti, na kaseti huwezi kuinakili kwa mashine ya dukani. Iliuzwa kama milioni 33 duniani, theluthi moja ya PlayStation.

Basi nikamwambia mpwa wangu: kama konsoli iliyotawala miaka ile ingekuwa ya kaseti, mimi na rika langu tungekaa na zile kaseti za njano kwa miaka mingi zaidi. Mabanda yangechelewa. Pengine tungeruka moja kwa moja kwenye kompyuta, halafu simu. Neno "pleistesheni", ambalo mtaani kwetu siku zile lilitajwa kwa konsoli yoyote hata isiyo ya Sony, lingekuwa neno lingine. Lingekuwa lipi, sithubutu kubuni, kwa sababu hapo nimekwisha kwenda mbali na lile jambo moja nililoligeuza, na kila hatua ya mbele ni kukisia juu ya kukisia.

Yule fundi simu alikuwa amenyamaza kwa muda. Akauliza swali zuri kuliko yote ya jioni ile. "Kaka, hiyo iliyouzwa mnadani. Inawaka?"

Inawaka. Inasimuliwa kwamba zilitengenezwa kama mia mbili za majaribio. Iliyopo ilionekana mwaka 2015 nchini Marekani, imetoka kwenye vitu vya ofisi ya kampuni iliyofilisika. Upande wa kaseti ulifanya kazi tangu mwanzo. Ukichomeka kaseti ya Super Famicom, inacheza. Upande wa CD ulikuwa umekufa. Fundi mmoja mashuhuri wa Marekani aliifungua, akafuatilia njia za umeme moja baada ya nyingine, akahangaika nayo kwa vipindi mpaka sahani ikazunguka na jicho likasoma.

Wakaiwekea CD ya muziki, ikaimba. Wakaiwekea gemu ndogo zilizotungwa na wapenzi wa mashine hiyo miaka ya karibuni, zikacheza. Gemu ya CD ya enzi zake, iliyotungwa na Sony au Nintendo ikauzwa kwa ajili yake, hawakuwa na ya kuweka, kwa sababu hakuna iliyowahi kutoka.

"Kwa hiyo imepona," alisema fundi, "ila haina cha kusoma."

Mwenye banda akawasha tena televisheni, na vijana wakaanza kugombania pedi.